Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupe wa Majanini, Papasi wa Nyumbani

Ndugu wanachama,

Nianze na lililotuumbua, lisije likaibuliwa kwenye mengineyo. Chupa za kupe tulizojaza wakati wa mvua ziliandikwa lebo kwa kalamu ya wino, na spiriti ikala maandishi yote. Tukabaki na kupe wazuri wasiojulikana kwao ni wapi. Kalamu niligawa mimi, lawama ni zangu. Sasa tunaandika kwa penseli, na karatasi inaingia ndani ya chupa pamoja na mdudu. (Wataalamu mnisamehe. Najua kupe ana miguu minane, na mdudu halisi ana sita.)

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kuchora ramani mbili za vijiji vyetu vya Dodoma, moja ya kupe wa ng'ombe na nyingine ya papasi, yule kupe wa nyumbani anayenyonya watu, kisha kuzilaza moja juu ya nyingine. Nilitegemea zifanane. Hazikufanana, na tulipotafuta sababu nikaona sikuwa na haki ya kushangaa.

Kupe wa masikio, anayeeneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, hufuata majani na unyevu. Tangu kuanguliwa hadi kutaga hupanda mnyama mara tatu: hushiba, hudondoka, hujivua gamba ardhini, halafu husubiri mnyama mwingine apite. Kusubiri huko ndiko ukame unakommalizia. Vimelea alivyovinyonya akiwa mdogo huvipeleka kwa ng'ombe anayefuata baada ya kujivua, lakini mayai yake hayavirithi. Tena vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa mateni mwake baada ya kung'ang'ania ngozi, kwa hiyo mfugaji anayemtoa mapema amewahi.

Vijana wetu hudhani mvua peke yake ndiyo huweka mpaka wa ugonjwa. Ng'ombe nao hutembea. Baada ya sotoka, tauni ya ng'ombe, kumaliza mifugo ya kusini mwa Afrika miaka ya 1890, ng'ombe walisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kujaza mazizi, na kufikia 1902 ndigana kali ilikuwa inaua Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Jina lake la Kizungu, homa ya pwani ya mashariki, limetokana na safari hiyo. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikuwa ameshaviona vimelea vyake Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akadhani ni hatua tu ya ugonjwa wa kukojoa damu.

Papasi ni habari nyingine kabisa. Hana haja ya majani. Anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya kuta, na tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa, kwa ukavu na giza lake, humfaa sana. Hana macho. Hutoka usiku, hunyonya kwa nusu saa hivi, na kabla hujaamka amekwisha kurudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa si nyumba salama. Na tofauti na yule wa ndigana, papasi huwarithisha watoto wake bakteria wa homa ya papasi kupitia mayai. Mwaka 1905 Koch alimkuta kwenye vibanda walimolala wapagazi katika njia za misafara. Mwaka huohuo Dutton, daktari Mwingereza ambaye bakteria hao wamepewa jina lake, alifia Kongo akiwa kwenye utafiti wa homa hiyohiyo. Papasi husafiri ndani ya mikeka na mizigo, na ramani yake ni ramani ya mahali watu wanapolala.

Kumtafuta kunahitaji subira. Unachimba udongo wa pembeni mwa ukuta, unachekecha, unaanika juani kwenye shuka. Kwanza huoni kitu, maana papasi hujifanya amekufa. Kisha kijiwe kimoja kinaanza kutembea. Bibi mmoja alitucheka sana siku hiyo: "Mmekuja kutoka mjini kuchekecha nyumba yangu?" Akatuonyesha mwenyewe kona ya kuchimba.

Sasa neno ambalo si wote mtalipenda. Ramani yetu ya wagonjwa wa homa ya papasi, ile tuliyoitoa kwenye madaftari ya zahanati, naomba isitumike. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni bakteria hawa. Wanaonekana kwenye slaidi ya damu, wamejisokota kati ya seli, na lazima awepo mtu wa kuitazama. Palipo na hadubini inayofanya kazi, ugonjwa upo. Palipobaki kipimo cha haraka peke yake, ugonjwa "hakuna", na mama mjamzito mwenye homa inayoondoka na kurudi anaambiwa hana malaria, arudi nyumbani. Arudi kulala palepale. Tulichochora ni ramani ya hadubini. Kamati iligawanyika kuhusu jambo hili, nami nimebaki na msimamo wangu.

Fedha: ada zimelipa mafuta ya gari na spiriti, hakuna deni. Hadubini yetu bado inasubiri lenzi.

Mwaka ujao napendekeza fomu ya wagonjwa ianze na swali la mahali alipolala mtu wiki mbili zilizopita, sakafu ya udongo au ya saruji, kitandani au chini, na kama alikuwa mgeni kwa mtu. Ziara ya kwanza ni baada ya mavuno, watu wakiwa majumbani. Kila anayekuja alete koleo dogo, chekeche na shuka kuukuu. Penseli nitaleta mimi.

Mwenyekiti