Pakeezah sio ya Meena Kumari peke yake

Mhariri, salaam.

Nimeisoma ile makala yenu ya Pakeezah, ile filamu ya Kihindi, na nimeipenda, ila mmemwandika mwigizaji wake mkuu Meena Kumari mwanzo mpaka mwisho utadhani filamu kaitengeneza mwenyewe chumbani kwake. Mi nampenda sana yule mama, lakini hii kazi ilianza miaka ya 50 ikaja kutoka Februari 1972, hapo katikati watu wamezeeka nayo na wengine wamekufa nayo, na nyie mmemtaja mumewe tu, mwongozaji Kamal Amrohi, tena kwa ajili ya ugomvi wao.

Kamera alishika Josef Wirsching, Mjerumani wa enzi za studio ya Bombay Talkies. Walianza na nyeusi na nyeupe, rangi ikaingia wakaanza upya, alaf ikaja skrini pana ya CinemaScope wakarudia tena. 1964 mume na mke wakatengana, kazi ikalala. Mpaka waigizaji Sunil Dutt na Nargis wanaviona vile vipande vilivyokwisha pigwa na kuwabembeleza wamalizie, Wirsching alishafariki, 1967, ikabidi wapiga picha wengine waendeleze pale alipoachia. Hebu rudieni wimbo wa Inhi Logon Ne, msimwangalie Meena, angalieni nyuma yake, vibaraza kibao na wachezaji wengine wanacheza huko mbali, hapo ndo utajua watu walifanya kazi.

Na ile dansi ya mwisho ya kukanyaga vioo mliyoisifia "Meena kajitoa mhanga", jamani, mama wa watu alikuwa anaumwa ini, hata kuzunguka hawezi. Anayezunguka chini ya ule mtandio ni mchezaji mwingine, Padma Khanna. Uso ni wa Meena, miguu sio.

Mmesema pia watu walijaa kumbini sababu Meena alifariki 31 Machi, filamu haijamaliza hata miezi miwili. Sikatai, mwanzo ilisuasua na msiba ukaleta watu, lakini hao waliokuja walitoka wanaimba, na hapo ndo hasira yangu ilipo maana aliyetunga muziki wa zile nyimbo alizoimba Lata Mangeshkar hamkumgusa kabisa. Ni Ghulam Mohammed, fundi wa ngoma aliyekuwa msaidizi wa mtunzi wa muziki Naushad miaka na miaka. Alikufa 1968, hakuiona filamu, muziki wa nyuma ya matukio akaja kuumalizia Naushad huyo huyo. Tuzo ya muziki ya Filmfare, zile tuzo za filamu za India, wakapewa watunzi Shankar-Jaikishan kwa filamu nyingine, Be-Imaan. Pran, yule mwigizaji maarufu kwa kucheza maadui, ambaye na yeye alishinda kwa hiyo hiyo Be-Imaan, akaikataa yake, akasema ya muziki ilikuwa haki ya Ghulam Mohammed. Yaani adui wa kwenye skrini ndo kamtetea marehemu, nyie wa gazeti mmeshindwa hata mstari mmoja?

Toleo lijalo wekeni hayo majina matatu, Wirsching, Padma Khanna na Ghulam Mohammed, hata pembeni kwa herufi ndogo, tutasoma.

Msomaji wenu,
Tanga