Anayeachwa Peke Yake

Tanga, 14 Aprili 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Idi njema, japo imeshapita na sinia za watu zimesharudi kwa wenyewe. Barua yako ilinikuta kumi la mwisho, mashono yamenijaa hadi kitandani, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umeniandikia habari ya yule binti wa timu yako anayetaka kuacha mpira wa kikapu kwa sababu wapinzani hawamkabi. Wanamwacha na mpira wake, wanapiga kelele, "Mwacheni huyo, hafungi!" Nilicheka kwa uchungu. Umesahau Umisseta, ile michezo ya shule za sekondari? Mimi hata huo mpira sikuwa napewa.

Basi sikiliza. Jumapili ya tarehe 7, baada ya tarawehe, mdogo wangu alifungua kwenye simu fainali ya wanawake wa vyuo vya Marekani, kutoka Cleveland: South Carolina na Iowa. Saa nne usiku huku, kwao mchana. Nilikuwa nimeshika sindano. Sikushona tena.

Pale South Carolina yupo binti anaitwa Raven Johnson. Mwaka jana walifika nusu fainali wakiwa wameshinda michezo 36 bila kupoteza, Iowa wakawatoa 77 kwa 73. Caitlin Clark peke yake alifunga pointi 41. Lakini kilichozunguka mitandaoni ni kitu kingine: Raven kasimama nyuma ya mstari wa pointi tatu, mpira mkononi, na Clark anampungia mkono tu, hata hamsogelei. Kama mtu anayefukuza nzi. Raven alisema baadaye kwamba nusura aache mpira.

Hakuacha. Ila wenzake watano waliokuwa wakianza michezo mwaka ule wote waliondoka, akabaki na timu mpya. Mwaka huu wakashinda tena, na tena, na tena. Nusu fainali ya mashindano ya kanda yao walikuwa nyuma ya Tennessee kwa pointi mbili, imebaki sekunde moja. Mpira akapewa Kamilla Cardoso, yule Mbrazili mrefu wa futi 6 na inchi 7 ambaye kazi yake ni chini ya kikapu, na tangu aingie chuo hajawahi kufunga pointi tatu hata moja. Akarusha. Ukagonga ubao, ukaingia! 74 kwa 73.

Tuje Cleveland. Iowa walianza 10 kwa 0. Clark akafunga 18 robo ya kwanza tu, mdogo wangu akasema hapa hakuna mchezo, tulale. Nikamwambia kalale wewe. Karibu na mapumziko, Clark anapandisha mpira, nani kamvamia? Raven. Kaunyang'anya, kakimbia nao mwenyewe, kafunga. Mwanaidi, nilipiga kelele hadi mama akauliza kama kuna mwizi.

Robo ya tatu bando likakata. Duka la jirani limefungwa, nikagonga dirishani kwa mwenyewe, na amenihesabia kisirani mpaka leo. Niliporudi hewani Clark alikuwa hapumui, wanapokezana kumganda. Baada ya zile 18 alipata 12 tu mchezo mzima uliobaki. Mwisho 87 kwa 75. Michezo 38, hakuna waliyopoteza. Kocha wao, Dawn Staley, analia kama mtoto.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikukumbuke. Waliotoka benchi wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa, sifuri. Aliyefunga nyingi wa South Carolina, pointi 19, ni Tessa Johnson, wa mwaka wa kwanza, naye alitokea benchi. Sisi tulipokaa kwenye lile benchi la mbao, nani alituambia kwamba benchi nayo ni timu? Kocha wetu alikuwa akitutuma maji.

Simwambii huyo binti neno. Maneno ya watu wazima ameshayasikia. Mwonyeshe ile ya mwaka jana, kisha hii ya mwaka huu, unyamaze. Halafu kila jioni mbakishe nusu saa arushe akiwa peke yake, maana hata kwenye mchezo ndivyo wanavyomwacha.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mfuko mwekundu. Ndani mna raba, namba 39. Zikimpwaya atie pamba.

Wako,
Zuhura