Kwa rafiki yangu aliyechoka kujitahidi

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikaiweka pembeni, usiku nikairudia tena. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia maneno ya kukutuliza tu.

Unasema umechoka. Umeamua mara nyingi kumsamehe kaka yako kwa yale aliyokutendea katika mambo ya urithi, umepiga magoti, umetamka kwa kinywa chako kwamba yamekwisha, halafu mtu akilitaja tu jina lake moyo unawaka upya. Mwisho wa barua ukaniuliza: kama mtu ameokoka kweli, mbona anashindwa na jambo dogo namna hii?

Kwanza, si jambo dogo. Na swali lenyewe, naona, limejengwa juu ya wazo ambalo wengi wetu tumekua nalo bila mtu yeyote kutufundisha waziwazi: kwamba Mungu alitusamehe kwa neema yake, kisha akatukabidhi amri zake tukazitimize kwa juhudi zetu, yeye akitutazama tu kwa mbali. Wagalatia waliwaza hivyo hivyo, na Paulo hakuwabembeleza. Aliwauliza kama wamekuwa wajinga kiasi hicho, waanze katika Roho halafu watake kumalizia katika mwili. Karne kadhaa baadaye mwalimu mmoja wa dini aitwaye Pelagio naye alifundisha kwamba Mungu akishaamuru, basi mwanadamu ana uwezo wa kutii, hahitaji zaidi ya kufundishwa na kutaka. Maaskofu waliokutana Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 418 walilikataa fundisho hilo. Walisema neema haituonyeshi tu la kufanya, bali inatupa pia kulipenda na kuliweza.

Hebu zitazame amri zenyewe. Mpende adui yako. Waombee wanaokuudhi. Samehe saba mara sabini. Mtu anaweza kujizuia asimpige adui yake, hata asimtukane. Hiyo ni nidhamu, na wako wengi wasiomjua Kristo wanaoiweza kutuzidi sisi. Lakini kumpenda? Kumwombea baraka mtu aliyekudhulumu, ukitaka kwa dhati kwamba azipate? Hapo nidhamu haifiki. Ndiyo maana usiku ule wa mwisho Bwana aliwaambia wanafunzi wake, "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote". Hakusema kwamba bila yeye watafanya kwa shida.

Mfikirie Petro. Tunapomhubiri huwa tunamfanya mtu wa maneno mengi aliyekuwa mwoga tangu mwanzo, nami naona tunamwonea. Alipoapa kwamba yuko tayari kwenda na Bwana wake gerezani na hata kufa, alimaanisha. Bustanini alichomoa upanga mbele ya kikosi chenye silaha akamkata Malko sikio, na mwoga hafanyi hivyo. Saa chache baadaye yuko uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, anaota moto wa makaa pamoja na watumishi. Anayemtikisa si askari wala hakimu, ni kijakazi aliyekuwa akingoja mlango. Swali moja tu, naye anaruka: mimi siye. Upendo wake ulikuwa wa kweli na nia yake ilikuwa ya kweli, ila uwezo wa kusimama hakuwa nao.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Petro alimwona Yesu akiwa hai baada ya kufa. Alisamehewa, akala naye kando ya bahari, akakabidhiwa kondoo. Mtu angesema sasa hana anachokosa: amepata ushahidi, msamaha na kazi. Lakini Yesu aliwaambia yeye na wenzake wasiondoke Yerusalemu, wakae humo mjini "hata mvikwe uwezo utokao juu". Ndugu yangu, kama waliomwona kwa macho baada ya kufufuka waliambiwa bado kuna kitu wanahitaji, wewe unajilaumu nini?

Kisha Roho akashuka, na mtu yule yule, katika mji ule ule, akasimama mbele ya Anasi na Kayafa, wale wale aliokuwa amejificha katika ua wao, akawaambia wazi kwamba walimsulubisha Kristo. Luka anataja sababu: Petro alikuwa amejaa Roho Mtakatifu. Wala hakujazwa mara moja ikatosha maisha yake yote. Walipotoka barazani waliomba ujasiri tena, wakajazwa tena. Na miaka baadaye, kule Antiokia, Petro aliogopa watu tena, akajitenga na meza ya waamini wasio Wayahudi hadi Paulo akamkemea mbele ya wote. Nakuandikia hili makusudi, maana umesema kuanguka kwako baada ya kuombewa kunathibitisha kwamba hukupokea chochote. Hakuthibitishi hivyo.

Labda pia tumeizoea nguvu ya Mungu kama jambo la sauti kubwa na ishara, hata mtu akiwa na vita ya ndani kama yako anaona aibu kuitaja. Simoni wa Samaria aliiona hivyo, akatoa fedha ainunue. Lakini soma Wakolosai 1:11 polepole. Paulo amefungwa, anawaombea wawezeshwe "kwa uwezo wote, kwa kadiri ya nguvu ya utukufu wake". Msomaji anatazamia sasa wafu wafufuliwe. Anachotaja ni saburi, uvumilivu na furaha. Uwezo wote huo ili watu wavumilie! Maana yake, mbele za Mungu, kuvumiliana na ndugu aliyekuumiza ni kazi nzito ya kutosha kuhitaji nguvu ile ile iliyomtoa Kristo kaburini. Nami naamini hivyo.

Kuna kisa cha Corrie ten Boom ambacho sijawahi kukisoma nikabaki nilivyokuwa. Alikuwa Mholanzi, mwaka 1944 yeye na jamaa zake walikamatwa kwa kuwaficha Wayahudi. Baba yake alifia kizuizini, na Desemba mwaka huo dada yake, Betsie, alifia katika Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi. Mwaka 1947 Corrie alikuwa Munich, ametoka kuhubiri kanisani juu ya msamaha, ndipo akamwona mwanamume akimjia, akamtambua: mmoja wa walinzi wa kambi ile. Mtu yule akanyoosha mkono. Mkono wa Corrie haukuinuka. Maandiko aliyajua, somo alikuwa amelifundisha muda mfupi uliopita, na ndani yake hakukuwa na chembe ya upendo. Akaomba kimoyomoyo: Yesu, mkono naweza kuuinua, mengine nipe wewe. Akaunyoosha mkavu hivyo hivyo. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo upendo ulipomjaa, nao haukuwa wake.

Angalia mpangilio wake. Hakungoja ajisikie ndipo atii, wala hakujidanganya kwamba anaweza. Alisema ukweli mbele za Mungu, akafanya lile dogo alilokuwa nalo. Kwa hiyo ukiniuliza, basi nikae tu ningoje, nitakujibu hapana. Wafilipi wanaambiwa watimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka kwa kuwa Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Hata kutaka kwako kusamehe, kule kulikokufanya uniandikie, hakukuanzia kwako.

Ila naomba ubadilishe jinsi unavyoomba. Umekuwa ukimwahidi Mungu kwamba safari hii utasamehe. Acha kuahidi. Mwambie wazi kwamba humpendi kaka yako, kwamba ukimkumbuka unatamani aumie, na umwombe akupe ndani yako kile ambacho huna. Kesho uombe tena hivyo hivyo. Haki yako unaweza kuendelea kuidai kisheria. Hilo ni jambo jingine, lisikuchanganye.

Na liko lile dogo unaloweza: kumpigia simu umjulie hali, bila kugusa habari za mali. Ukishachagua siku nijulishe mapema, nami siku hiyo nitafunga na kuomba kwa ajili yako. Akikujibu vibaya, nipigie mimi mara moja, hata kama ni usiku.

Wasalimie wote nyumbani, na mama umwambie namkumbuka katika maombi.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo.