Pikseli za kwenye boksi si pikseli za kwenye programu

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia magazetini zimezoea kutuambia kwamba simu yenye kioo cha pikseli 1080 kwa 2400 huonyesha vitu vingi kuliko yenye 720 kwa 1600. Sivyo. Vioo vikiwa na ukubwa uleule, kwa kawaida simu hizo mbili huonyesha maandishi kiasi kilekile. Tunaomba jambo hili liwekwe sawa, kwa sababu watengenezaji programu wanaoanza hulichukua kama lilivyoandikwa na kulitumbukiza kwenye kazi zao.

Pikseli halisi ni vitone vya kioo chenyewe. Idadi yake haibadiliki tangu kiwandani. Pikseli za kimantiki ni kipimo ambacho programu hutumia kupanga vitufe, picha na maandishi. Kati ya hivyo viwili kuna kizidishio. Chukua simu ya 720 yenye kizidishio cha 2, na ya 1080 yenye cha 3. Gawanya, na zote mbili zinakuwa na eneo la 360 kwa 800. Kinachoongezeka ni vitone vinavyochora kila herufi, ndiyo maana kingo zake zinakuwa laini.

Kwenye Android hesabu iko wazi: pikseli halisi ni dp (pikseli ya kimantiki ya Android) mara msongamano, yaani idadi ya vitone kwa inchi, gawanya kwa 160. Kitufe cha dp 48 huwa pikseli 96 kwenye kioo chenye msongamano wa 320, na pikseli 144 kwenye kioo cha 480. Kote huko ni kama milimita 7.6. Aliyeandika pikseli 96 moja kwa moja atapata kitufe cha milimita 5 kwenye kioo cha pili, na kidole kitakuwa kinabonyeza kitufe cha jirani. Apple nao walifuata njia hiyohiyo mwaka 2010: iPhone 4 ilikuwa na pikseli halisi 640 kwa 960, lakini programu ziliendelea kuhesabu 320 kwa 480, kwa hiyo zile za zamani hazikuvurugika.

Kwenye kompyuta ndiko vurugu huwa kubwa. Skrini ya 1920 kwa 1080 iliyowekwa ukuzaji wa asilimia 125 kwenye Windows ni 1536 kwa 864 kimantiki. Programu isiyotangaza kwamba inaelewa kizidishio huambiwa kuwa msongamano ni 96 (yaani asilimia 100), inachora picha ndogo, kisha Windows huivuta ikue. Ule ukungu kwenye maandishi hutoka hapo. Na programu ya kupiga picha ya skrini ikiuliza ukubwa kwa kipimo cha kimantiki, kisha ikanakili kwa pikseli halisi, itakata pikseli 384 upande wa kulia na 216 chini. Dawa si kumwambia mtumiaji arudishe skrini yake asilimia 100. Wapo waliokuza maandishi kwa sababu macho yao yanahitaji hivyo. Dawa ni kutangaza kwenye manifesti (faili la maelezo ya programu) kwamba programu inafuata kizidishio cha kila skrini, jambo ambalo toleo lake la pili limekuwepo tangu Windows 10 toleo la 1703, na kupanga dirisha upya linapohamishiwa skrini nyingine.

Kanvasi ya kwenye kivinjari, yaani eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti, inastahili maneno ya ziada, maana ina saizi mbili: ya vitone inavyohifadhi, na ya nafasi inayoshika kwenye ukurasa. Ukitaka nafasi ya 400 kwa 300 na devicePixelRatio (kizidishio kwenye kivinjari) ni 2, weka width (upana) ya kanvasi iwe 800 na height (kimo) iwe 600, halafu kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) uache 400px na 300px. Kisha tumia setTransform, amri inayoweka ukuzaji upya, kukuza mara 2, na michoro yote iendelee kutumia hesabu za 400 kwa 300. Kumbuka kwamba kubadili width hufuta mchoro na kuondoa ukuzaji, hivyo hatua hiyo hurudiwa kila mara. Ukitumia scale, amri inayozidisha ukuzaji uliopo, bila ule wa awali kuondolewa kwanza, ukuzaji hujilimbikiza.

Mahali pa kipanya huja kwa pikseli za kimantiki, ilhali getImageData, amri ya kusoma rangi za kanvasi, husoma vitone halisi. Asiyezidisha mahali pa kipanya kwa kizidishio ataona kosa dogo karibu na kona ya juu kushoto, likizidi kukua kadiri anavyoelekea kulia na chini. Ukiona dalili hiyo, usihangaike kutafuta kwingine.

Vizidishio visivyo namba nzima vina tatizo lao. Visanduku kumi vya upana wa 7, kwa kizidishio cha 1.25, vinahitaji pikseli 87.5 kwa jumla. Ukizidisha upana wa kila kimoja na kupeleka 8.75 kwenye 9, unapata 90, na cha mwisho kinatoka nje. Zidisha mahali pa kila ukingo, upeleke kwenye namba nzima iliyo karibu, halafu upana uwe tofauti ya kingo mbili. Upana wa visanduku utatofautiana kwa pikseli moja, lakini hakutakuwa na mwanya wala kumwagika.

Wala kizidishio kisisomwe mara moja tu programu inapofunguliwa. Kukuza ukurasa kwenye kivinjari hukibadilisha, na kuhamishia dirisha skrini nyingine vilevile. Tunawasihi wenzetu waandike kipimo ndani ya jina la kila kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya programu), wabadilishe vipimo sehemu moja tu, pale pa kuchorea, na wajaribu kazi zao kwa asilimia 100, 125, 150 na 200 kabla ya kuzitoa.

Nanyi, Mhariri, mnapochapisha idadi ya pikseli za kifaa, ongezeni kizidishio chake kando.

Wasomaji wenu, watengenezaji programu