Mkono wa Idi kutoka Tanga, na albamu zilizomo kabatini

Assalaam aleikum, ndugu, jamaa na marafiki. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha Ramadhani tukiwa wazima, namwomba azitakabali funga zetu na awarehemu waliotutangulia, na kutoka hapa Tanga nawapa nyote mkono wa Idi, wakubwa kwa wadogo.

Sikukuu hii ina shughuli moja isiyotajwa kwenye hotuba yoyote, nayo ni kufunguliwa kwa albamu. Pilau ikishaliwa, na wageni wakiwa bado wanaingia na kutoka, hakosekani mtoto wa kuuliza, "Bibi, huyu nani?" Tena nyingi ya picha hizo zilizaliwa na Idi yenyewe, kwani zamani, kamera zilipokuwa za wachache, mtoto alivishwa nguo mpya, akapakwa mafuta, akawahishwa studio kabla hajajichafua. Ndiyo maana tunamwona amesimama wima mbele ya pazia lililochorwa minazi, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, viatu vimezidi mguu kidogo ili vimfae na mwaka ujao, na mkono mmoja umewekwa juu ya meza yenye maua ya plastiki. Meza hiyohiyo na maua hayohayo mtayakuta katika albamu ya jirani, na mkizilinganisha picha hizo mtaelekea kuijua studio na hata miaka yenyewe, pengine kwa uhakika zaidi kuliko kumtegemea mjomba anayesema kila kitu kilitokea "mwaka ule wa mvua kubwa".

Mavazi nayo yanasema. Suruali za bugaluu, zile pana miguuni, na viatu vya raizoni, vyenye soli nene, hutupeleka miaka ya 1970, na sketi fupi huwakumbusha wazee Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 kupiga vita mavazi ya aina hiyo. Hapo ndipo ninapoomba tuwe na staha: bibi aliyejishika kiuno kwa madaha katika picha ile huenda leo ni Hajati, na kabla ya kuirusha picha yake kwenye makundi ya simu ni wajibu kumwomba ruhusa, maana picha ni ya aliyepigwa kabla ya kuwa ya aliyeihifadhi.

Kutoka kwenye mavazi, mazungumzo huhamia muziki, na hapo Tanga hatuna unyonge. Watatajwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kisha watu wa taarabu watadai zamu yao kwa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoliingiza gitaa la umeme katika taarabu ya mji huu, na kwa Shakila, mzaliwa wa Pangani, ambaye sauti yake bado inawanyamazisha watu sebuleni. Wapenzi wa mpira watakuja na Coastal Union waliotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, na ubishi wao sitauingilia.

Ninalowaomba katika siku hizi ni kuuliza majina maadamu wazee wamekusanyika, kisha kuyaandika nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino, ambayo hukwaruza na kuvujia upande wa mbele. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zimeanza kuwa nyekundu kwa kuwa rangi zake hazififii kwa mwendo mmoja, ilhali za nyeusi na nyeupe, ambazo sura yake imeundwa kwa chembe za madini ya fedha, aghalabu hudumu zaidi. Basi anzeni na za rangi. Iliyogandia kwenye albamu ya gundi na nailoni isibanduliwe kwa nguvu, bali ipigwe picha kwa simu hapohapo ilipo, karibu na dirisha, pasipo jua kali. Unyevu wa pwani yetu unatosha kuiharibu bila msaada wetu.

Na nyinyi mlioko Mombasa, Unguja na Maskati, picha nyingi zilitumwa kwenu ndani ya barua, na huenda nakala pekee iliyobaki iko kwenye sanduku lenu. Zipigeni picha kwa simu pande zote mbili mtutumie, kwa kuwa maandishi ya nyuma tunayahitaji pia. Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheir.