Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Chura wa Kihansi

Mwalimu mlezi, wazazi mliofika, ndugu wanachama wenzangu,

Mwaka huu klabu yetu ya mazingira ilichagua mnyama mmoja tu, chura asiyefika hata sentimita 3. Wengine mlinung'unika: kwa nini si tembo? Mimi bado nausimamia uamuzi ule. Tembo yuko mbuga nyingi. Chura huyu wa manjano makazi yake ya asili ni mamoja tu duniani: korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, penye majani yanayoloweshwa na manyunyu ya maporomoko usiku na mchana.

Wanasayansi walimgundua mwaka 1996. Hatagi mayai, huzaa watoto waliokamilika, kila mmoja kama milimita 5. Darasa la tatu waliwachora kwa ukubwa wao halisi, na mgeni mmoja akajaribu kufuta watoto akidhani ni madoa ya wino!

Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalianza kupelekwa kwenye mitambo ya umeme. Umeme tunauhitaji, silaumu hilo. Ila manyunyu yalipungua na korongo likakauka, hadi mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa. Vyura wakapata nafuu, kisha mwaka 2003 wakapukutika tena, na ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukawa miongoni mwa washukiwa wakuu. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Heri vyura 499 walikuwa wameshapelekwa Marekani kutunzwa. Uzao wao ulifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Kuvu hiyo husafiri hata kwenye tope la viatu. Ndiyo sababu ya sheria yetu ya beseni: kabla ya kwenda kijitoni, sugua soli, suuza, anika zikauke kabisa. Mlilalamika kwamba chura wa Kihansi hayupo huku kwetu. Kweli hayupo, lakini vyura wengine wapo, na kuvu haichagui.

Fedha za brashi na sabuni zilitokana na mauzo ya miche. Mweka hazina atasoma mahesabu. Mimi namaliza darasa la saba, hivyo uchaguzi utafuata baada yake. Brashi mbili hazionekani. Aliyenazo azirudishe stoo kabla ya kufunga shule.