Kifafa sugu hakimaanishi mgonjwa ameacha dawa

Mhariri,

Wiki jana mdogo wangu alianguka stejini Muthurwa tukisubiri matatu ya kwenda Kayole. Alipopata fahamu, mama mmoja muuza njugu, aliyekuwa amemshika kichwa kwa huruma ya kweli, alimuuliza: "Kijana, leo hukumeza dawa?" Alikuwa amemeza. Alimeza saa kumi na mbili asubuhi kama kila siku, na kidonge cha jioni kilikuwa mfukoni mwake.

Yule mama simlaumu. Swali hilo tumeulizwa na walimu, na waajiri, hata na mhudumu wa afya aliyemfokea mbele ya foleni kwamba vidonge anavitupa. Nadhani sehemu ya tatizo ni jina lenyewe. Ugonjwa wake unaitwa kifafa sugu. Kwetu sisi, sugu ni mhalifu, ni mlevi, ni mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tena tumefundishwa kuhusu TB sugu, kwamba mtu akikatiza dozi vijidudu huizoea dawa. Basi anayesikia kifafa sugu hujijazia mwenyewe: huyu amekatiza dawa.

Lakini kifafa hakina kijidudu cha kuzoea dawa. Ni umeme wa ubongo unaofyatuka bila mpangilio, na kwa baadhi ya watu dawa haziuzuii hata zikimezwa kwa saa na dakika. Mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa lilieleza maana ya kifafa sugu: dawa mbili zinazofaa aina ya kifafa chako, zikatumiwa ipasavyo, na bado unashikwa. Watu wa namna hiyo ni karibu thuluthi moja ya wagonjwa wote wa kifafa. Utafiti wa Glasgow, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 470 ambao hawakuwa wametumia dawa kabla, asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, na asilimia 14 tu wakaongezeka kwa ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kubadilishiwa vidonge mwaka baada ya mwaka ni kumpotezea mtu umri wake.

Kuna wanaoonekana sugu na kumbe sivyo, na hilo daktari lazima alichunguze kwanza. Dozi inaweza kuwa ndogo. Kuzimia kwa sababu ya moyo kunaweza kudhaniwa kifafa. Dawa yenyewe inaweza kuwa si ya aina ya kifafa chake: kijana anayeshtuka mikono asubuhi hadi kikombe cha chai kinamponyoka, ukimpa dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini unaweza kumzidishia. Na ndiyo, wapo wanaoruka dawa, mara nyingi kwa sababu zimeisha kituoni na kwenye famasi hawazimudu. Swali la dawa si baya likiulizwa ili kujua. Linaumiza likija kama hukumu.

Mdogo wangu alianza akiwa na miaka 12. Kabla ya kuanguka husema tumbo linapanda kooni, kisha anakodoa macho, anatafuna mate na kuchezea vifungo vya shati. Tulipewa fenobabitali, halafu kabamazepini, halafu sodiamu valproeti juu yake. Kliniki ilikuwa ya dakika tatu: "Bado anaanguka? Endelea." Mimi niliandika kila kipindi kwenye daftari, tarehe na muda, na siku moja nikamrekodi kwa simu. Daktari bingwa alipotazama ile video hakuwa na maswali mengi tena. MRI, kipimo cha kupiga picha za ubongo, ikaonyesha kovu upande wa kushoto wa ubongo, usawa wa sikio, na akatwambia huenda lilitokana na degedege refu alilopata akiwa mtoto mchanga.

Kovu la aina hiyo wakati mwingine huondolewa kwa upasuaji. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 ulihusisha wagonjwa 80 wenye kifafa cha sehemu hiyo ya ubongo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa wakipata vipindi vya kupoteza fahamu. Kwa walioendelea na dawa pekee ilikuwa asilimia 8. Si kila mgonjwa anafaa kupasuliwa, na sisi bado tunafanyiwa vipimo. Lakini miaka yote ile hakuna aliyetwambia kwamba njia hiyo ipo.

Wakati tukisubiri, tunaishi. Anaoga mlango ukiwa haujafungwa kwa ndani. Sufuria ya moto haipakui yeye. Usiku tunalala chumba kimoja, maana kifafa kisichotulia kinaweza kuua mtu usingizini, jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Usingizi wake tunaulinda kuliko tunavyolinda pesa ya kodi, kwa kuwa akikesha, kesho yake anaanguka. Kazi ya kushona viatu aliipoteza; sasa ananisaidia kupanga mitumba Gikomba, na anajua bei kuliko mimi.

Pale stejini kijana mmoja alikuwa ameshatoa kijiko amtie mdomoni. Tafadhali, msitie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Zikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali.

Na ninyi mlio kwenye kliniki zetu, mkikuta daftari la mgonjwa lina dawa mbili zilizotumiwa vizuri na bado anaanguka, mwandikieni barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Ya mdogo wangu iliandikwa mwaka wa tisa.

Dada wa mgonjwa,
Kayole, Nairobi